Kabla ya Chalbi, Tujue Tutarudije

Hotuba kwa wanachama wanaojiandaa kwa safari ya Chalbi na Ziwa Turkana, Nanyuki

Bwana Mwenyekiti, mama mweka hazina, ndugu zangu wenye magari, na nyinyi mtakaobaki nyumbani mkingoja simu, hamjambo.

Mmeniita niwaeleze jinsi ya kupanga safari ya jangwani. Ratiba mliyonitumia nimeisoma mara tatu. Magari manne, watu kumi na wawili, kuondoka hapa Nanyuki Alhamisi ya Pasaka, kulala Marsabit, kulikata jangwa la Chalbi hadi North Horr, kuteremka Loiyangalani ziwani, kisha kurudi kwa South Horr, Baragoi na Maralal. Zaidi kidogo ya kilomita 1,000 kwa mzunguko mzima. Ni njia nzuri. Nimeipita kwanza nikiwa taniboi kwenye lori la mahindi ya msaada, baadaye nikiwa dereva, na hadi leo nikitoka Marsabit asubuhi na kuliona bonde lile jeupe likifunguka chini, nanyamaza kwanza. Kwa hiyo sikuja kuwatia woga wala kuwakataza.

Lakini neno lililonileta nalisema sasa hivi, nisiwazungushe. Pasaka msiende. Nawaomba muisogeze safari hadi mwezi wa Nane.

Naona mnaangaliana. Najua likizo zimeombwa kazini, najua watoto wameahidiwa. Nisikilizeni kwanza.

Mwaka 2018, mwezi wa Nne, nilikuwa Chalbi na wageni wawili katika Landcruiser moja. Moja tu, na kosa hilo ni langu. Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Ila siku ile, pale tulipokuwa, anga lilikuwa safi. Sikuona wingu lolote. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla huko vilima vya Huri, upande wa mpaka wa Ethiopia, na maji yalikuwa yamekwisha kuteremka na kuingia chini ya ardhi tuliyokuwa tukiikanyaga. Juu palikuwa pakavu, peupe, pamepasukapasuka. Nilikuwa nakwenda kama kilomita 60 kwa saa, dirisha wazi, nimeridhika kabisa.

Mnajua ukoko wa wali unavyolia ukiuvunja kwa mwiko sufuriani? Sauti ile ile niliisikia chini ya gurudumu la mbele. Kabla sijaondoa mguu kwenye mafuta, gari lilikuwa limekaa tumboni. Nikashuka. Chini ya ule ukoko wa chumvi palikuwa na tope jeusi, laini kama uji mzito, lenye harufu ya bwawa. Nikaweka jeki, ikazama. Nikaweka ubao chini ya jeki, ukazama na jeki yake. Nikafungua spea tairi nikailaza, nikaweka jeki juu yake. Gari likanyanyuka kidogo, nikafurahi, kisha vyote vikashuka pamoja taratibu nikiwa nimesimama nimeshika mpini.

Tulikaa pale usiku mbili. Tulikuwa na lita 40 za maji kwa watu watatu, kwa sababu nilijiambia kuwa kijiji cha Kalacha ni karibu. Ndiyo, Kalacha ni karibu ukiwa na gari linalokwenda. Kwa miguu, mchana, katika joto linalofika nyuzi 40, na mazigazi mbele yako yanayokuonyesha ziwa na miti ambayo haipo, umbali ule ule unaua mtu. Nikawakataza wageni wasiondoke garini. Nikawa nawapimia maji kwa kikombe, na mmoja wao, mtu mzima, alikuwa akinitazama mkono kila nikimimina kuona kama nampunja.

Asubuhi ya tatu alipita mzee wa Kigabra na kijana wake wakiwa na ngamia. Mzee hakuuliza kitu. Alilizunguka gari mara moja, akapiga ardhi kwa kisigino hapa, akasogea hatua kumi akapiga tena, mpaka akapata mahali panapolia kavu. Kisha akatuita pale, akatupa maziwa ya ngamia katika chombo cha kusukwa, yenye harufu ya moshi waliofukizia chombo. Kijana akatumwa Kalacha. Lori lilifika jioni, na dereva wake alisimama mbali, karibu nusu kilomita, akakataa katakata kusogea. Alijua. Wakaja wanaume kwa miguu wakiwa na minyororo na makoleo, tukachimba hadi giza.

Tangu siku hiyo nikiulizwa habari ya safari ya jangwani, sianzi na gari. Naanza na swali moja: tukikwama hapa, tutarudije? Jibu lake lazima liwe limeandikwa kabla hamjaondoka nyumbani, mkiwa mmekaa kwenye viti kama hivi, mmekunywa chai, akili zimetulia. Kule chini, ukiwa na kiu na aibu ya kushindwa mbele ya wenzako, huwezi kufikiri sawasawa. Mimi sikuweza, na nilikuwa nimeendesha njia ile miaka mingi.

Basi mjue mahali mnapokwenda ni nini. Chalbi kwa Wagabra maana yake ni mahali patupu penye chumvi. Miaka kama 10,000 iliyopita lilikuwa ziwa. Mkitembea pembezoni mtaona magamba ya konokono wa majini yametapakaa mchangani. Na bado, kwa namna fulani, ni ziwa: ni bakuli lisilo na mlango. Maji ya vilima vya Huri, ya mlima Marsabit, ya mlima Kulal na ya upande wa Ethiopia huishia hapo, na hayana pa kutokea isipokuwa kupaa kwa jua. Yanapopaa, yanaacha chumvi juu, na chumvi ile inafanya kifuniko. Chini ya kifuniko udongo wa mfinyanzi unaweza kubaki na maji wiki nyingi baada ya mvua. Ndiyo maana nasema tusitazame anga la Chalbi, tutazame mvua ya vilimani. Na mvua za masika, kuanzia mwezi wa Tatu hadi wa Tano, ndizo zinazoangukia Pasaka yenu.

Mwezi wa Nane kavu ni kavu kweli. Mtakutana na upepo, siwafichi. Loiyangalani upepo unashuka kutoka Kulal usiku kama mtu aliyetumwa, unang'oa hema na vigingi vyake. Si bure kwamba mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo imesimamishwa kusini ya pale, yenye uwezo wa megawati 310. Lakini upepo unaweza kuupangia: hema fupi, vigingi virefu, gari likingame upande unakotoka. Tope la Chalbi huwezi kulipangia kitu isipokuwa kuliepuka. Shule zikifungwa Agosti watoto wenu nao watakuwa nyumbani, ahadi yao haijavunjika.

Sasa hesabu. Chukueni kalamu.

Mji wa mwisho wenye vituo vya mafuta vya kutegemea ni Marsabit. Kutoka hapo hadi North Horr kwa Maikona na Kalacha ni karibu kilomita 200. North Horr hadi Loiyangalani karibu 90. Loiyangalani hadi South Horr karibu 90 tena, kisha Baragoi, kisha Maralal. Jumla wekeni kilomita 520. Mafuta ya kwenye mapipa mtayakuta North Horr na Loiyangalani siku nyingine, na siku nyingine mtaambiwa lori halijafika. Kwa hiyo msiyahesabu. Yakiwepo, ni bahati.

Kwenye 520 ongezeni robo, maana jangwani hakuna anayekwenda moja kwa moja: unazunguka korongo, unarudi kutafuta njia, unamfuata mwenzako aliyepotea. Tunapata 650. Landcruiser ya dizeli inayokula lita 13 kwa kilomita 100 kwenye lami itakula 20 kwenye mchanga ikiwa imebeba mzigo. Hizo ni lita 130. Ongezeni theluthi ya akiba, mnafika kama 173. Tangi la gari langu ni lita 90, kwa hiyo nabeba mitungi mitano ya lita 20. Mitungi minne na kidogo ingenitosha. Ule wa tano namwekea mwenzangu ambaye mtungi wake utatoboka. Mitungi ya mafuta haikai ndani na watu, na haijazwi hadi mdomoni, kwa sababu dizeli ikipata joto inavimba.

Maji ndiyo naomba tukae nayo kidogo. Mtu mmoja, lita nane kwa siku: tano za kunywa, zilizobaki za kupikia na kunawa. Najua kuna anayesema yeye hanywi tano. Atazinywa. Watu watatu kwa gari ni lita 24 kwa siku. Marsabit hadi Maralal mmepanga siku sita. Ongezeni siku tatu za kukwama. Lita 216. Mkijumlisha na ile dizeli ya mitungi, hizo ni kilo 300 hivi kabla hamjapanda nyinyi wenyewe, kabla ya hema, jiko, spea na vile viti vya kukunja ambavyo naona vimeandikwa kwenye orodha yenu. Someni kibati cha gari kinasema linabeba kilo ngapi. Springi zinazokatika kati ya Baragoi na Maralal nyingi zimevunjwa na mzigo uliopakiwa nyumbani. Vizito viwe chini, viwe mbele ya ekseli ya nyuma, na juu ya paa msiweke kitu kizito kuliko magodoro.

Maji yagawanywe kwenye vyombo vingi, kila gari na yake. Nimewahi kuona msafara ulioweka maji yote katika tangi moja kubwa kwenye gari moja. Kufika jioni, bomba lilikuwa limepasuka kwa mtikisiko na maji yamemwagika njia nzima. Walisimama wakitazama ule mstari mweusi kwenye vumbi nyuma yao bila kusema neno.

Mtaniuliza, lakini Kalacha si kuna chemchemi? North Horr si kuna visima? Loiyangalani si ndiyo yenye chemchemi na mitende? Vyote vipo. Na hapa nataka nizungumze kwa moyo wangu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo. Nimepita barabara zile nikaona mizoga ya ng'ombe na mbuzi, na mwishowe ngamia, na ngamia akifa kwa ukame mjue hali imefika wapi. Watu wale hawajamaliza kujaza zizi upya. Kisima kina zamu yake, kina wenyewe waliokichimba, na maji yanapandishwa kwa mikono, watu wamepangana chini hadi juu wakipokezana ndoo na kuimba. Ukifika na gari lenye kiyoyozi ukaomba lita 100, watakupa. Ndiyo desturi yao, mgeni hanyimwi maji. Lakini zitatoka kwenye mdomo wa mnyama wa mtu. Bebeni maji yenu yote kutoka Marsabit, na mkipewa kikombe kunyweni mshukuru. Maji ya ziwani yana magadi. Msifikiri kwamba kwa kuwa mmefika kwenye ziwa kubwa hivyo mmefika kwenye maji ya kunywa.

Njia inabadilika mara nne, na tairi lazima libadilike nayo. Kwenye lami hadi Marsabit weka upepo wako wa kawaida na mzigo wake. Ukiingia murramu yenye mikunjo kama ubao wa kufulia, punguza kidogo, maana mikunjo ile ndiyo inayolegeza kila nati. Jioni kabla ya kula, kila dereva alale chini ya gari lake na tochi na spana. Kwenye mchanga laini teremka hadi psi 18 au 20, tairi lilale, lipate mguu mpana. Halafu, na hapa wengi ndipo wanapoumia, ukitoka mchangani ukaanza mawe meusi ya volkano ya kuelekea Loiyangalani, simama ujaze tena. Tairi laini juu ya mawe yale linapasuka ubavuni, na ubavu hauzibwi pancha. Kwa hiyo pampu ya upepo inayotumia betri ni lazima kwa kila gari, si moja kwa msafara. Spea tairi mbili kwa kila gari. Tena magari yote yawe na tairi za saizi moja na nati za aina moja, ili la huyu limfae yule. Naona mmoja wenu amefunga rimu za kupendeza sana. Baba, rimu hizo ziache nyumbani, utanishukuru.

Upepo ukiwa unawasukuma kutoka nyuma, injini itachemka hata kama mnakwenda polepole, kwa sababu hewa haiingii kwenye rejeta. Ukiona sindano inapanda, geuza gari uso wake utazame upepo, acha injini iungurume bila mzigo, fungua boneti. Usiguse kifuniko cha rejeta. Nina kovu hapa mkononi la siku niliyokigusa nikiwa kijana.

Kuvutana. Hili nitalisema mara moja na nawasihi mlikumbuke. Kamba ya kuvutia gari lililokwama inayonyumbulika ina nguvu ya manati. Usiifunge kwenye ile tufe ya kuvutia trela. Tufe ikikatika inaruka kama risasi, na imeua watu. Funga kwenye ndoano zilizofungwa kwenye chesisi. Kabla ya kuvuta, tupeni blanketi zito au koti katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Na watu wote wasiokuwa ndani ya magari wasimame mbali, mara mbili ya urefu wa kamba. Kina mama na watoto mnapenda kuja karibu kupiga picha. Hapana. Pigeni picha ya gari likiwa limeshatoka.

Kwenye Chalbi yenyewe, hata Agosti, gari la kwanza lifuate alama za magurudumu ya zamani. Mahali penye rangi nyeusi kuliko jirani yake, au panapong'aa, dereva asimame, mtu ashuke atembee. Piga kisigino. Chimba kwa koleo kiasi cha urefu wa mkono hadi kiwikoni. Udongo ukishikamana kama unga wa chapati, geuka. Tazama pia nyayo za ngamia: zikiwa zimezama, wewe mwenye tani tatu unaenda wapi? Na magari yaachane nafasi ya kutosha kwamba la kwanza likizama la pili libaki kwenye ardhi ngumu. Hamtakiwi kuonana vioo. Mnatakiwa kuonana vumbi.

Mchukueni mwongozaji, mwenyeji wa mahali. Marsabit mtampata Mgabra wa kuwavusha Chalbi. Akifika mwisho wa eneo lake mlipeni, muagane kwa heshima, mchukue mwingine, kwa sababu upande wa Loiyangalani ni Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo, na upande wa Baragoi kuna mambo ya wizi wa mifugo ambayo hali yake hubadilika kwa wiki. Msione haya kuingia kituo cha polisi Marsabit, na kwa chifu kila mnapolala, kueleza nyinyi ni nani na mnaelekea wapi. Vijana wenu hawakumbuki, lakini kabla ya lami kufika, magari ya Isiolo kwenda Moyale yalikuwa yakisafiri kwa msafara na askari wenye bunduki. Sasa hadi Marsabit mnateleza tu. Chini ya Marsabit bado neno la mwenyeji ndilo barabara.

Na mwongozaji akisema hapapitiki, hapapitiki. Msimlipe mtu kwa ujuzi wake kisha mkamshinda kwa kura.

Simu za kawaida zinashika North Horr, Kalacha na Loiyangalani, katikati hakuna. Kodini simu ya setilaiti angalau moja, ikae kwenye gari ambalo si la kwanza, maana la kwanza ndilo litakalozama. Jiandikisheni kwa AMREF Flying Doctors kabla ya kuondoka. Wamekuwa wakiruka kwenda mahali kama hapo tangu 1957, na viwanja vya ndege vya udongo vipo Kalacha, North Horr na Loiyangalani. Lakini viwanja hivyo havina taa. Mtu akiugua saa moja usiku, ni nyinyi na yeye hadi alfajiri. Kwa hiyo mmoja kati yenu, nafikiri yule dada muuguzi, akabidhiwe sanduku la dawa na apewe amri juu ya wote. Mtu aliyeacha kutoka jasho, anayezungumza maneno yasiyoeleweka, huyo hasubiri tufike kambini. Anawekwa kivulini, analoweshwa, anapepewa, hapo hapo.

Sasa nirudi kwenye swali langu la kurudi, ndilo la mwisho.

Safari yenu ina milango mitatu ya kutokea. Wa kwanza ni Kalacha: hapo mtakuwa mmejua kila gari linakula mafuta kiasi gani mchangani, kwa kupima, sio kukisia. Gari likiwa limekula zaidi ya hesabu yetu, msafara wote unarudi Marsabit. Wa pili ni North Horr. Kutoka hapo kurudi ni kilomita 200 za njia mliyokwisha kuiona, kwenda mbele ni zaidi ya 300 za njia msiyoijua. Gari moja likiwa bovu, au mtu mmoja mgonjwa, au maji yamepungua chini ya nusu, mnarudi. Wa tatu ni Loiyangalani. Ile barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, kilomita kama 208 kutoka Sarima penye mitambo hadi Laisamis, ndiyo inayowafikisha kwenye lami bila kupita Baragoi. Mkisikia Baragoi kumechafuka, au springi imekatika, tokeni hapo. South Horr ni pazuri, miti yake na maji yake, lakini South Horr haihami.

Mimi nataka uamuzi huo asiwe nao mwenye gari kubwa wala aliyetoa pesa nyingi. Mchagueni leo mtu mmoja atakayeshika daftari la maji na mafuta, na mkubaliane leo kwamba akisema turudi, hakuna mjadala. Tena wekeni hili: mtu yeyote kati ya wale kumi na wawili, hata mtoto, akisema anaogopa kusonga, msafara unasimama kwa nusu saa, watu wanakaa, wanamsikiliza. Mwaka ule wa 2018, kijana mmoja pale Maikona aliniambia vilimani kumenyesha. Nilimwitikia kwa kichwa nikatia gia.

Mama zangu na ndugu mnaobaki, karatasi hii ni yenu. Ina majina, namba za magari, rangi zake, njia yote, na mahali pa kulala kila siku. Chini ina mstari mmoja wa siku na saa. Ni saa ambayo, msiposikia sauti zao, mnaanza kupiga simu: kwanza setilaiti, kisha kituo cha polisi Marsabit, kisha mimi. Msingoje hadi asubuhi mkidhani labda betri imeisha. Na nyinyi mnaosafiri, mkichelewa kwa raha zenu kwa sababu machweo ya ziwani yalikuwa mazuri, mjue kuna mtu hapa ameshaanza kupiga.

Kalamu ziko mezani. Naomba tarehe iandikwe ya mwezi wa Nane, na kila mmoja atie sahihi mbele ya yule atakayemngoja. Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane na magari yote manne, yakiwa yamepakiwa kama mnaondoka, mitungi ya maji imejaa kweli. Tutayapeleka mizani kwanza. Halafu nitawapeleka kwenye bwawa lililokauka nusu, nilizamishe la kwangu, na nyinyi mlitoe.